Mtani Aliyesajiliwa

Kaburi la Alois Tawete lilikuwa tayari, na ndani yake alikuwa amelala mtu hai.

"Sitoki," alisema Mzee Kihwele kutoka chini, mikono ameikunja kifuani kama maiti. "Kaburi hili ni zuri mno kwa Mngoni. Mtafutieni Alois shimo la panya, lile alilozoea kulichungulia. Hapa nitalala mimi."

"Lala, Mhehe!" alijibu Gaudensia, dada wa marehemu, aliyekuwa amesimama ukingoni, kitambaa cheusi kichwani. "Babu yako naye alipoiona mikuki yetu alilala hivyo hivyo, akajifanya maiti mpaka tukapita."

"Alilala kwa sababu ya harufu yenu. Mikuki mliiacha njiani mkikimbia."

Waombolezaji walicheka, machozi yakiwa bado mashavuni, na hivyo ndivyo ilivyopasa. Wangoni na Wahehe walipigana zamani mpaka wakachoka kuuana, na walipochoka wakapeana utani: haki ya kutukanana bila kununa, na wajibu wa kuzikana bila kulipwa. Kaburi lile Kihwele alikuwa amelichimba mwenyewe tangu alfajiri, hajaonja hata uji. Aliyelidharau tusi lake bila kuutazama udongo uliokuwa kwenye kucha zake hakuujua utani.

Juu ya nguzo iliyosimama kando ya makaburi, taa ya Sikio, mtambo uliosikiliza kila sauti ya wilaya, iliwaka kijani. Eufrasia Tawete, ambaye marehemu alikuwa baba yake mkubwa, aliitupia jicho kwa mazoea, kama fundi cherehani anavyotazama pindo la nguo ya mwenzake. Alikuwa mhandisi wa Sikio. Alikuwa amerudi Lihungu kuzika, si kufanya kazi.

Ndipo gari jeupe la Zamda lilipoegeshwa karibu na msalaba, akashuka Deusdedit Rwegoshora, mkurugenzi wa kampuni hiyo, amevaa suti na miwani ya jua. Alisogea mpaka kwenye jeneza, akalipiga kofi.

"Ee, Alois!" alisema kwa sauti kubwa. "Kumbe siku zote ulipokuwa ukisema unachimba maji, ulikuwa unachimba kaburi! Si ungetuambia tukuazime katapila?"

Hakuna aliyecheka. Alois alikuwa amefukiwa na mchanga katikati ya mto Lihungu, akichimba kisima mahali ambapo mwaka juzi maji yalikuwa yakimfikia mtu kifuani. Maji hayo sasa yalikuwa nyuma ya lango la Zamda, ambako yalipasuliwa kwa umeme ili itoke haidrojeni, na haidrojeni ikasafirishwa kwenda kuendesha viwanda vya watu wasiowahi kulisikia jina la Lihungu.

Kihwele aliinuka kaburini taratibu, akajipangusa.

"Mbona mmenuna?" aliuliza Rwegoshora. "Mimi si mtani wenu? Au mmesahau ng'ombe mliyemla?"

"Wewe umemuua ndugu yangu," alisema Gaudensia. Hakupaza sauti. "Umemuua, umekuja kumcheka, na Mungu akipenda utakufa na kiu."

"Ehee! Huo sasa ndio utani!" Rwegoshora alipiga makofi. "Mnaona? Mama Gaudensia anajua."

Eufrasia aliitazama taa. Ilikuwa bado kijani. Alitoa kisomeo chake mfukoni, akasoma maneno yaliyojiandika chini ya alama ya sauti ya shangazi yake: *Pande zimesajiliwa. Utani. Utulivu umepanda.*

Akayasoma tena, kisha akakizima.

*

Sikio halikuwa mpelelezi, kama wengi walivyodhani. Halikuweka jina la mtu wala maneno yake. Lilipima hasira tu, wilaya kwa wilaya, likaitoa kama kipimo kimoja kiitwacho Utulivu. Kila asubuhi wakopeshaji wa ng'ambo walikisoma kipimo hicho kabla hawajanywa kahawa, wakapanga riba. Wilaya yenye utulivu ilipata barabara na zahanati. Wilaya yenye hasira ilipata ushauri.

Ili mizani isielemee upande mmoja, Bunge lilikuwa limetunga Sheria ya Ridhaa. Mradi wowote uliotumia ardhi au maji ya watu uliunganishwa na Sikio moja kwa moja, na hasira juu yake ikivuka kiwango, ulisimama papo hapo: mitambo ilizimika, malango yalifunguka yenyewe. Ilikuwa sheria njema. Ilitungwa ili mnyonge asihitaji wakili. Ahitaji koo lake tu.

Kasoro ilijitokeza makaburini. Katika mwaka wa kwanza, Sikio lilisikia watani wakimtukana maiti katika kijiji kimoja cha kusini, likaamini kwamba watu wanachinjana. Askari walifika na magari mawili. Wachimba kaburi wakachukuliwa, na kwa kuwa wao tu ndio waliokuwa na haki ya kumfukia yule marehemu, maiti ilishinda juani. Mwaka ule watu walianza kuzika kimya, kama wezi.

Kwa sababu hiyo Eufrasia aliandika Kichujio cha Utani. Watu wa pande mbili wakishafanya sherehe mbele ya mashahidi na kusajiliwa, matusi yao hayakuhesabiwa tena kuwa hasira. Tena aliweka kufuli: uhusiano wa utani usivunjwe na ofisi yoyote, ila kwa ridhaa ya pande zote mbili, ili mkuu wa wilaya mwenye kiherehere asije akaufuta utani wa watu kwa kalamu. Alipongezwa. Alistahili.

Alilosahau kuliuliza ni jambo dogo: je, kampuni ni mtu? Wanasheria wa Zamda waliliuliza, wakapata jibu lililowapendeza. Wakaleta ng'ombe na pombe Lihungu, wakaomba utani na Wangoni wa bonde zima. Watu walikula, wakacheka, wakasema msemaji wa kampuni ni mcheshi. Mzee Kihwele peke yake ndiye aliyeuliza, mfupa wa ng'ombe mkononi: "Utani huja baada ya vita. Ninyi mlipigana nao lini?" Wakamwambia anaona wivu.

Tangu siku ile, kila laana iliyoelekezwa kwa Zamda ilikuwa mzaha.

*

"Shikamoo, Mhandisi," alisema Rwegoshora, ingawa alimzidi umri Eufrasia. Alikuwa amekaa nyuma ya meza ya kioo, na nyuma yake, dirishani, bwawa lilimeremeta. "Nimekutania. Karibu kiti."

"Sikuja kukaa. Ondoa usajili wenu."

"Kwa nini? Wilaya hii haijawahi kuwa tulivu hivi. Zahanati yenu imepata mkopo kwa riba ambayo hata Ulaya hawaipati. Wewe ni msomi. Niambie, ni nchi gani iliyoendelea bila kumnyima mtu maji?"

"Baba yangu mkubwa amekufa."

"Na mtani wake amemzika. Sanda tulitoa sisi."

"Shangazi yangu aliwapigia polisi siku Baba Mkubwa alipofukiwa, akisema ninyi mmefunga maji mpaka watu wanajichimbia vifo. Unajua alijibiwa nini? Kwamba kila simu hupitia Sikio kwanza, na Sikio limesema ni utani. Askari akamwambia, 'Mama, pole kwa utani.'"

Rwegoshora aliivua miwani. Macho yake hayakuwa ya mtu mwovu. Yalikuwa ya mtu aliyelala vizuri.

"Kichujio ni chako, Dada. Kifute. Si una ufunguo? Kifute chote, kesho lango langu litafunguka lenyewe, nami nitafungasha. Ila kumbuka, ukikifuta, umekifuta Lihungu na nchi nzima. Keshokutwa ni kuanua matanga ya Alois. Yule mzee wa Kihehe atatukana, maana hawezi kunyamaza, na magari mawili yatakuja. Yatakwenda kila msiba wenye watani, kutoka hapa mpaka ziwani. Haya, futa. Nakutazama."

Eufrasia aliugusa mfuko wake. Ufunguo ulikuwa ndani ya kisomeo chake, na kisomeo kilikuwa mfukoni, kizito kama jiwe la kusagia.

"Unaona?" alisema Rwegoshora kwa upole. "Wewe ndiye uliyenipa nyumba hii. Usinifukuze kwa kelele."

*

Alimkuta shangazi yake uani, akipepeta mahindi ya matanga. Mzee Kihwele alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, jambo ambalo mgeni mwingine yeyote angefukuzwa kwalo.

"Shikamoo, Shangazi. Shikamoo, Babu."

"Marahaba," alisema Gaudensia bila kuinua uso. "Amesema nini muuaji?"

"Amesema nikifute kichujio."

"Basi kifute."

"Nikikifuta, Babu Kihwele atalala rumande keshokutwa, na wenzake wa nchi nzima."

"Mimi?" Kihwele alicheka kidogo. "Rumande kuna ugali wa bure. Mngoni huyu hajawahi kunilisha nikashiba."

"Nyamaza, mla mbwa, watu wanazungumza." Gaudensia aliuweka ungo chini. "Eufrasia, mimi nina vinyungu vitatu, bustani zangu za kiangazi, pale bondeni, na vyote vimekuwa vumbi. Watoto wa Alois wanakunywa maji ya kuletwa kwa gari la Zamda, yenye nembo ya Zamda, na wakiyanywa inawapasa kusema asante. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Taa yako inaniambia kwamba ninacheka. Unajua mtu anavyojisikia anapolia akaambiwa anacheka?"

Eufrasia alichuchumaa mbele yake.

"Shangazi, nisikilize. Nimekisoma kichujio upya njia nzima. Kina pande mbili. Kama ninyi mkimlaani Rwegoshora ni utani, yeye naye akiwalaani ni utani. Akipiga simu polisi, simu yake itapita kwenye Sikio lile lile. Ataambiwa maneno yale yale uliyoambiwa wewe."

Kihwele aliteremka kutoka kwenye kinu.

"Mtani huchukua," alisema polepole. "Siku ya kuanua matanga, mtani huingia nyumbani mwa mtani mwenzake, akashika kitu anachokitaka, na mwenye kitu haruhusiwi kununa. Hukikomboa kwa bei anayotajiwa. Huyu bwana alichukua ulimi wa utani, mkono akauacha. Wangoni hawajamchukulia kitu hata kimoja."

"Ndicho ninachokiogopa," alisema Eufrasia. "Kwa sababu Sikio lisilosikia wizi halitasikia moto. Halitasikia kipigo. Mkiingia mle ndani na panga, taa itawaka kijani mpaka mtoke. Mimi ndiye nitakayekuwa nimewafungulia mlango. Kabla sijakiacha kichujio kama kilivyo, nataka kujua mtachukua nini."

"Sheria ni mbili," alisema Kihwele, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mzaha katika sauti yake. "Mtani hamwagi damu. Na mtani hatoi bei isiyolipika. Anayevunja moja ya hizo si mtani tena, amerudi vitani."

"Shangazi?"

Gaudensia aliuchukua tena ungo wake.

"Kitu kimoja," alisema. "Usukani wa lango. Sitamwaga damu ya mtu."

Kihwele alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa alikuwa amezisikia sheria mbili na kiapo kimoja. Lakini Eufrasia alikuwa amekwisha kushusha pumzi.

*

Siku ya kuanua matanga waliondoka makaburini saa nne asubuhi, baada ya kunyoa nywele na kumwaga pombe ya marehemu, wakapanda kilimani kwenda Zamda wakiimba. Mbele alitangulia Kihwele, amevaa koti la Alois kinyumenyume, akitembea kwa kuchechemea kama Alois alivyokuwa akichechemea. Hiyo nayo ilikuwa haki yake. Nyuma yao walifuata wanawake wa bonde zima, midomo wazi, na kila tusi lililokuwa limekwama kooni mwao tangu mto ulipokauka lilitoka.

Walinzi wa getini walitazama taa ya Sikio juu ya nguzo yao. Ilikuwa kijani. Waliambiwa tangu siku ya kwanza kwamba ikiwa kijani wafungue, kwa kuwa kampuni ilipenda kupigwa picha na wananchi. Wakafungua.

Lango la maji lilikuwa na mitambo mingi, ila Sheria ya Ridhaa ilikuwa imelazimisha liwe pia na usukani wa chuma wa kuzungushwa kwa mikono, endapo umeme ungekatika. Wanawake sita waliuzungusha. Lango lilinung'unika, likainuka, na maji yakatoka chini yake yakiwa mekundu, kisha ya kijivu, kisha maji. Walipomaliza, Kihwele aliufungua usukani kutoka kwenye mhimili wake kwa spana ya Alois mwenyewe, akamkabidhi Gaudensia. Bila usukani ule, na kwa kuwa mhimili ulikuwa umebaki wazi, mitambo ilikataa kulifunga lango kwa ajili ya usalama.

Rwegoshora alikuja akikimbia. Hakuwa amevaa miwani.

"Wezi!" alipiga kelele. "Mbwa ninyi! Rudisheni hicho! Nitawaua, nawaambia, nitawaua mmoja mmoja!"

"Ehee!" wanawake wakamjibu kwa pamoja, wakipiga makofi. "Huo sasa ndio utani!"

Alipiga simu. Wote walimsikia akipiga, wakamwona akisikiliza, wakauona uso wake ukibadilika. Akapiga tena. Hatimaye Mkuu wa Polisi wa Wilaya alikuja mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amealikwa chakula cha mchana pale. Alishuka garini akiwa na askari mmoja, akaitazama nguzo.

"Wanaiba mali ya mwekezaji mbele ya macho yako, Afande!" alisema Rwegoshora.

"Taa ni ya kijani, Bwana Mkurugenzi."

"Taa imekosea!"

"Miezi yote hii ulikuwa ukiniambia kwamba haikosei." Mkuu wa Polisi alitazama huku na huku, akamwona Eufrasia amesimama kando ya mhimili mtupu. "Wewe si ndiye mhandisi wake? Niambie kwa kinywa chako. Huu ni utani?"

Maji tu ndiyo yaliyosema.

Eufrasia alikuwa ameshika kisomeo mkononi, na neno *Futa* lilikuwa wazi chini ya kidole gumba chake. Angeweza kusema kweli: kwamba hapakuwa na utani hapa, hapajawahi kuwa na utani, kwamba hiki kilikuwa kilio na kile kilikuwa hofu. Lakini ukweli huo ungekuja na magari mawili, na gari la kwanza lingembeba mzee aliyevaa koti la maiti.

"Kichujio kinasema ni utani, Afande," alijibu. "Pande zote zimesajiliwa."

"Basi mimi nakwenda kula kwangu." Akapanda gari, akaondoka.

Rwegoshora alibaki peke yake katikati ya wanawake. Alijipangusa jasho, akajaribu kutabasamu, na tabasamu lilimkaa vibaya, kama kofia ya kuazima.

"Haya," alisema. "Haya, nimeelewa. Mmenipata. Najua mila, kitu cha mtani hukombolewa. Tajeni. Ng'ombe? Nitaleta kumi. Kisima? Nitawachimbia kila kijiji. Mama Gaudensia, taja bei, tucheke, tuyamalize."

Gaudensia aliukumbatia usukani kifuani kama mtu aliyepakata mtoto.

"Bei yake ni Alois," alisema. "Mlete amesimama kwa miguu yake miwili, akichechemea hivyo hivyo, nami nitakupa chuma chako."

Baadhi ya wanawake walicheka. Rwegoshora naye alicheka, kwa nguvu, kwa shukrani, mpaka alipomwona Mzee Kihwele akilivua koti la marehemu, akalikunja vizuri, na kuliweka chini. Mzee hakuwa akicheka. Alirudi nyuma hatua chache, akasimama mbali na Wangoni, kama babu zake walivyosimama zamani kabla ya vita. Eufrasia alimwona, akaikumbuka sheria ya pili, ya bei isiyolipika. Alitazama juu. Taa ilikuwa kijani, kijani kibichi, na kwenye kisomeo maneno yalikuwa yakijiandika: *Utulivu umepanda.*

Kicheko cha Rwegoshora kilikatika.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Mama, unatania, sivyo?"

Gaudensia alimtazama, kisha akaielekeza nguzo kwa kidevu.

"Liulize Sikio."